Wagonjwa Waliogeuka Matabibu: Historia ya Kairopraktiki

Kijana anayechagua udaktari mara nyingi husukumwa na alama zake za darasani, na matarajio ya wazazi, au na heshima ya kazi yenyewe. Kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha pingili za uti wa mgongo kwa mikono, kwa sehemu kubwa ya historia yake iliwapata watu kwa mlango mwingine. Mtu aliugua, akazunguka kwa madaktari bila nafuu, akatulia mikononi mwa tabibu wa mgongo au akamwona ndugu yake akitulia, kisha akafunga safari kwenda kujifunza kazi hiyohiyo. Mlango huo unaeleza kwa nini taaluma hii ilistahimili mahakama na jela ambazo zingeiua nyingine. Unaeleza pia kwa nini ilichukua muda mrefu mno kukubali kupimwa.

Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, alizaliwa Kanada mwaka 1845. Alikuwa amefundisha shule, amefuga nyuki na kuuza vyakula kabla ya kufungua chumba cha tiba ya sumaku mjini Davenport, jimbo la Iowa. Humo, mwezi Septemba 1895, alimkanda mgongo Harvey Lillard, Mmarekani mweusi aliyefanya usafi katika jengo hilo na ambaye usikivu wake ulikuwa umepotea kwa miaka mingi. Palmer alidai kwamba aliirudisha mahali pake pingili iliyokuwa imehama, na Lillard akasikia tena. Binti yake Lillard alikuja kusimulia vingine: kwamba Palmer alimpiga mgongoni katikati ya mzaha, na mengine yakafuata. Wapinzani nao wana hoja nzito, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa usikivu hukaa ndani ya fuvu na haupiti kwenye uti wa mgongo. Hata hivyo simulizi ya Palmer ndiyo iliyosambaa, na kufikia 1897 alikuwa na shule. Inauma kukumbuka kwamba shule iliyojengwa juu ya ushuhuda wa mtu mweusi baadaye iliwafungia milango wanafunzi weusi kwa miongo kadhaa.

Ili kuelewa kwa nini ushuhuda wa aina hiyo ulikuwa na nguvu, ni lazima kukumbuka tiba ya Marekani ya karne ya 19. Dawa za zebaki zilitolewa hadi meno yakang'oka, na viuavijasumu havikuwapo. Andrew Taylor Still, aliyewahi kuwa tabibu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864. Msiba huo ulimfanya azikatae dawa za zama zake na kutafuta uponyaji katika mifupa na misuli, na mwaka 1892 akafungua shule ya osteopathi huko Kirksville, Missouri, miaka mitatu kabla ya Palmer kumgusa Lillard. Watu wa namna hii hawakuwa wajinga waliokimbia sayansi. Sayansi waliyoijua ilikuwa imewaangusha ndani ya nyumba zao.

Imani iliyopatikana kwa maumivu haitishwi kirahisi na faini. Mwaka 1906 Palmer alihukumiwa kwa kutibu bila leseni, akachagua kwanza kuingia jela kuliko kulipa. Mwaka uliofuata Shegataro Morikubo, mhamiaji kutoka Japani, alishtakiwa mjini La Crosse, Wisconsin, na wakili wake akashinda kwa kudai kwamba kairopraktiki ni kazi tofauti na udaktari. California iliwafunga wengi, hadi wapiga kura wenyewe walipopitisha sheria ya kuitambua taaluma hiyo mwaka 1922. Kansas ilikuwa imetangulia mwaka 1913. Louisiana ilikuja mwisho kabisa, mwaka 1974.

Kuna wanaosema kilichowavuta ni fedha: masomo yalikuwa mafupi, hayakudai shahada, na mkulima au karani angeweza kupata cheo cha tabibu. Hoja hii ina ukweli, tena baada ya 1944 serikali iliwalipia askari waliorudi vitani karo, na baadhi yao wakajiunga na vyuo hivi. Lakini mtu anayetafuta riziki nyepesi hachagui kazi inayoweza kumpeleka gerezani. Fedha inaweza kueleza kwa nini wengine waliingia. Haielezi kwa nini waliofungwa walitoka na kuendelea kutibu.

Ubaya ni kwamba aliyepona huona amekwisha kupata jibu. Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe kwa wiki chache, na mgonjwa humshukuru aliyemgusa mwisho. Kutokana na mazoea hayo, wapo matabibu waliotangaza kuwa kunyoosha pingili kunatibu karibu kila ugonjwa. Chama cha Madaktari cha Marekani kilijibu kwa hila badala ya utafiti: mwaka 1963 kiliunda kamati ya kupambana na utapeli, na lengo lake lilikuwa kuitokomeza taaluma nzima. Chester Wilk na wenzake walikishtaki chama hicho mwaka 1976. Mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba kilivunja sheria ya ushindani. Matabibu walishangilia, na walikuwa na haki, ila hukumu hiyo ilihusu kususiwa kwao na madaktari na haikuthibitisha tiba yenyewe.

Uthibitisho ulikuja kidogo kidogo kwa njia ya majaribio, nao una mipaka. Mwongozo wa Chuo cha Madaktari Bingwa cha Marekani wa mwaka 2017 unataja kunyoosha mgongo miongoni mwa tiba za kuanza nazo kwa maumivu ya kiuno, pamoja na mazoezi na kukandwa. Kwa pumu au uziwi, ushahidi wa namna hiyo haupo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2005, lilitaka mafunzo ya saa zisizopungua 4,200, na likaorodhesha hali ambazo mgonjwa hapaswi kunyooshwa kabisa. Kijana anayeingia leo kwa sababu mgongo wa mama yake ulipona hana kosa lolote. Ila mgonjwa wake ana haki ya kuambiwa, kabla shingo yake haijaguswa, kwamba kupasuka kwa mshipa wa damu wa shingo ni nadra lakini kumeripotiwa, na kwamba kile kilichomsaidia mama yake tabibu huenda kisimsaidie yeye.