Swali Lililochelewa Ziwani Michigan

Msikilizaji, kama unaishi mjini katika nchi hii, kazi ya saa nane usiku unaijua. Maji ya bomba huja watu wakiwa wamelala. Mwenye nyumba anaamka, anawasha pampu, na maji yanapanda mpaka kwenye tangi lililo juu ya paa. Asubuhi bomba la barabarani limekauka, lakini jikoni na bafuni maji yapo, yanashuka yenyewe. Ukipiga hesabu utaona kwamba umeme umetumika na maji hayakuongezeka hata tone. Ulichonunua kwa umeme ule ni kupata maji kwa saa unayoyahitaji.

Mimi nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, tochi mkononi, na ndiyo iliyonisaidia kuelewa jambo ambalo wahandisi hulieleza kwa maneno magumu. Umeme hauwekwi ghalani kama gunia la mahindi. Ukifuliwa, lazima utumike papo hapo. Usiku watu wamelala na viwanda vingi vimefungwa, lakini mitambo mikubwa ya makaa ya mawe au ya nyuklia haipendi kuzimwa na kuwashwa kila siku. Jioni kila nyumba inawasha taa, jiko na televisheni kwa wakati mmoja, na umeme hautoshi. Basi wahandisi wakatafuta tangi la juu ya paa. Wanachukua ziwa au mto ulio chini, wanajenga bwawa jingine kilimani, na usiku wanapandisha maji kwa umeme uliozidi. Jioni wanayafungulia, yanashuka kwa kishindo na kuzungusha mashine zilezile zilizoyapandisha. Katika kila uniti 10 zilizotumika kupandisha, hurudi 7 au 8. Hasara hiyo wanaikubali, kwa kuwa uniti ya usiku wa manane ni rahisi na uniti ya jioni ni ghali.

Ujuzi huu si wa jana. Mji wa Schaffhausen, Uswisi, ulikuwa na bwawa la namna hii tangu mwaka 1909. Lakini leo nataka tuangalie mapendekezo mawili ya Marekani ya miaka ya 1960. Moja lilikuwa la kando ya mto na jingine la kando ya ziwa. La mtoni halikujengwa mpaka leo, na la ziwani linafanya kazi mpaka leo. Yote mawili yaliulizwa swali lilelile, ila moja liliulizwa mapema na jingine liliulizwa kwa kuchelewa.

Tuanze na la mtoni. Mwaka 1962 kampuni ya Consolidated Edison, inayouza umeme katika jiji la New York, ilitangaza kwamba ingejenga mtambo katika mlima wa Storm King. Mlima huo umesimama kando ya mto Hudson, kiasi cha kilomita 80 kaskazini mwa jiji. Maji ya mto yangesukumwa usiku hadi kwenye bwawa nyuma ya mlima, na jioni yangerudi. Kwa wahandisi lilikuwa pendekezo safi kabisa, kwani jiji lilikuwa na njaa ya umeme na mlima ulikuwa jirani.

Lakini mwaka 1963 wakazi wachache walikutana na kuunda chama walichokiita Scenic Hudson. Mwanzoni watu waliwaona kuwa ni matajiri wanaolinda mandhari ya madirishani mwao, na pengine palikuwa na ukweli kidogo. Kisha wakajiunga wavuvi, na hapo shauri likabadilika. Bwana mmoja aitwaye Robert Boyle, mwandishi wa gazeti la michezo la Sports Illustrated na mvuvi wa ndoana, aliandika mwaka 1965 juu ya samaki waliokuwa wakifa kwenye mtambo wa nyuklia wa Indian Point, mali ya kampuni hiyohiyo, katika mto huohuo. Akauliza swali dogo. Mashine ikivuta mto mzima kila usiku, mayai na vifaranga vya samaki vitakwenda wapi?

Tume ya serikali iliyosimamia nishati ilikuwa imekwisha kutoa leseni mwezi Machi mwaka huo. Tarehe 9 Novemba 1965 umeme ukakatika katika majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani na sehemu ya Kanada, watu wapatao milioni 30 wakakaa gizani, New York ikiwemo. Nani angethubutu kusimama wakati ule na kuzungumzia samaki? Hata hivyo, wiki saba baadaye, tarehe 29 Desemba 1965, mahakama ya rufaa ilifuta leseni ile. Majaji walisema, kwa maana, kwamba tume ya umma haitakiwi kukaa kama refa anayengoja kupuliza filimbi. Ni wajibu wake kutafuta yenyewe ukweli kuhusu mandhari, samaki na njia nyingine za kupata umeme. Tena mahakama ikakubali kwamba raia wasiopoteza hata senti moja mfukoni wanayo haki ya kusikilizwa juu ya mlima na mto wao.

Kesi ile haikuishia hapo. Iliendelea kwa miaka mingi, hadi mwaka 1980 kampuni ilipokubali kuachana na mradi, na ardhi iliyokuwa imetengwa ikageuzwa kuwa mbuga ya watu kupumzikia. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu mradi utangazwe. Mwekezaji yeyote akisikia hesabu hiyo atatikisa kichwa, na simlaumu.

Sasa twende ziwani. Katika jimbo la Michigan, kusini kidogo mwa mji wa Ludington, ufuko wa Ziwa Michigan umeinuka kama ukuta wa mchanga na udongo. Makampuni mawili ya umeme, Consumers Power na Detroit Edison, yaliuangalia ukuta huo na kuona tangi la juu ya paa. Mmoja wao, Consumers Power, alikuwa akijenga kituo cha nyuklia cha Palisades kando ya ziwa hilohilo, na umeme wa usiku ungetafuta pa kwenda. Leseni ilitolewa mwaka 1969. Sheria ya taifa ya kulazimisha miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kwa mazingira ilitiwa saini tarehe 1 Januari 1970, yaani leseni ikiwa tayari mfukoni.

Kazi iliyofanyika pale ilikuwa ya ajabu, na haki yao tuwape. Walijenga bwawa lenye urefu wa kilomita 4 na upana wa kilomita 1.6, zaidi ya mita 100 juu ya ziwa. Linachukua maji mita za ujazo milioni 100 hivi. Mabomba sita makubwa kiasi cha lori kupita ndani yaliunganisha bwawa na ziwa. Ulipoanza kazi mwaka 1973 ulikuwa mtambo mkubwa kuliko yote ya aina yake duniani, wenye megawati 1,872. Ujenzi ulichukua miaka 4 tu, ilhali huko Hudson mawakili walikuwa bado wanabishana.

Lakini ziwa si tangi. Katika miaka ileile ya 1960 Ziwa Michigan lilikuwa limejaa samaki wadogo mfano wa dagaa, waitwao alewife, walioingia kutoka baharini. Mwaka 1966 serikali ya jimbo ilipanda samaki aina ya samoni ili wawale hao wadogo. Mpango ulifaulu kupita matarajio. Mwaka uliofuata wavuvi wa ndoana walimiminika katika miji midogo ya ufuko ule kwa maelfu, na wenye mahoteli, maboti na maduka ya vifaa vya uvuvi wakaanza kuona faida. Riziki mpya ilizaliwa ziwani wakati uleule ambapo mashine zilikuwa zinaandaliwa kulivuta ziwa hilo.

Mashine zilipoanza, samaki wadogo na wakubwa walivutwa ndani ya mabomba pamoja na maji. Wengi hawakutoka wazima. Idadi yao ilihesabiwa kwa mamilioni kila mwaka. Swali la Boyle lilikuwa limekwisha kuulizwa mahakamani miaka minne kabla ya leseni ya Ludington, ila liliulizwa mtoni, na ziwani hakuna aliyelipatia jibu kabla ya mitambo kuwashwa.

Wavuvi na vyama vya hifadhi walilalamika, na mwaka 1986 serikali ya jimbo la Michigan yenyewe ikaenda mahakamani kudai fidia kwa niaba ya wananchi. Yalidaiwa pia na makabila ya wenyeji wa asili, ambao haki yao ya kuvua katika maji yale imelindwa na mkataba wa mwaka 1836. Mwaka 1989 wamiliki waliweka wavu wenye urefu wa kilomita 4 kuzunguka mdomo wa mtambo. Wavu huo ulitandazwa majira ya kuchipua na kuondolewa kabla ya barafu. Hesabu mwenyewe, msikilizaji, kutoka 1973 hadi 1989 ni miaka 16 bila wavu. Baadaye yakafikiwa makubaliano yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100, kwa fedha na kwa ardhi, na mwaka 1996 ukaanzishwa mfuko wa kutunza uvuvi wa maziwa yale. Fedha hizo hatimaye hutoka katika ankara ya umeme ya mwananchi.

Kuna watakaosema kwamba funzo ni kupinga miradi. Mimi sisemi hivyo. Mtambo wa Ludington umetoa mwanga jioni kwa zaidi ya miaka 50. Umekarabatiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola na sasa nguvu zake zimepita megawati 2,100, karibu sawa na bwawa letu la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Leo upepo na jua vinazidi kutumika, na jua huzama saa ileile tunayowasha taa, kwa hiyo tangi la namna hii linatafutwa kuliko zamani. Na watu wa Hudson nao walilipa gharama yao, miaka 18 ya kesi na umeme uliopaswa kutafutwa kwingine.

Ninachosema ni kwamba swali lilikuwa moja, nalo halikuwa gumu. Samaki watapita wapi, na anayewategemea ameulizwa? Likiulizwa wakati ramani bado iko mezani, jibu lake linaweza kuwa wavu, au kuhamisha mdomo wa bomba, au kuchagua kilima kingine. Likiulizwa saruji ikiwa imekauka, jibu lake ni mawakili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Ludington ulikuwa wa nyavu na fidia.

Jambo hili si la mbali nasi kama linavyoonekana. Mwezi Machi 2024 baadhi ya mitambo yetu ya maji ilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji, sisi tuliozoea kusikia habari za mgawo. Nchi yenye umeme unaozidi saa fulani na kupungua saa nyingine ndiyo inayofaa kuwa na tangi la juu ya paa. Nasi tunayo maziwa yenye milima iliyoinuka kandokando, kama Nyasa na Tanganyika. Sitashangaa siku moja mtaalamu akija na ramani, akaweka kidole kwenye mlima na kidole kingine kwenye ziwa. Akija, tumpokee, tumpe kiti na tumsikilize, maana huenda ana heri.

Ila tusimwache aondoke na saini kabla hajakaa na mwanamke anayeanika dagaa ufukweni na kijana anayevua usipa kwa karabai usiku, saa zilezile ambazo mashine zitataka kuvuta maji. Hao hawana wakili wala gazeti. Wanajua lakini samaki wanatagia wapi na wanapita lini, na wakiulizwa leo hawatadai hata senti moja kwa kutueleza.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.