Anwani iliyo chini ya karatasi

Juzi nimeona risiti yenye anwani ndefu ya tovuti pale chini, nikakumbuka ofisi moja niliyoitwa miaka ya Windows XP. Ilikuwa na tarakilishi sita, zinazotumiwa na makarani kwa zamu.

Karani alikuwa amempa mteja barua iliyochapishwa kutoka Internet Explorer. Chini yake kulikuwa na anwani ya ukurasa, na ndani ya anwani, neno lake la siri! Mfumo wao ulikuwa ukilipitisha humo.

Internet Explorer ilikuja na maagizo mawili: &w&bPage &p of &P juu, &u&b&d chini. Hapo &w ni kichwa cha ukurasa, &u anwani, &d tarehe. Nikayafuta kwenye mashine zote, nikaenda zangu. Kesho yake simu: anwani imerudi! Kumbe Windows huyaweka chini ya HKEY_CURRENT_USER, yaani kila mtumiaji na yake. Nilikuwa nimejirekebishia mimi tu. Tukaweka skripti ndogo inayojiendesha kila mtu anapoingia, kisha tukaurekebisha mfumo wenyewe.

Firefox, iliyotoka 2004, nayo iliyaweka kwenye prefs.js ya kila mtumiaji. Chrome ilitoka 2008, na baadaye ikapata sera ya PrintHeaderFooter: msimamizi anaamua mara moja kwa wote.

Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022. Anwani chini ya karatasi haijastaafu. Isome kabla hujamkabidhi mteja.