Debe Tupu: Ushahidi wa Kazi na wa Lugha Katika Historia ya Afrika ya Mashariki

Wenye kuandika habari za biashara ya pwani ya Afrika ya Mashariki wameeleza kwa urefu habari za pembe, karafuu, sandarusi na nguo za merekani. Bidhaa hizo zaonekana katika hesabu za forodha, pamoja na thamani yake na mwaka wake, na kwa hiyo huweza kufuatwa toka bandari hata bandari. Lakini kuna vitu ambavyo hesabu za forodha huviacha pale pale vinapoanza kuwa na maana kwa watu. Kimoja katika hivyo ni debe. Forodhani yalihesabiwa mafuta ya taa. Chombo kilichoyachukua kilipita kama ganda la tunda. Mafuta yaliisha, na debe likabaki nyumbani miaka mingi, likageuzwa kuwa ndoo, kipimo, paa na taa, hata mwisho likaingia katika methali. Sehemu kubwa ya historia hiyo ya pili haikuandikwa na karani. Imehifadhiwa katika mikono ya mafundi na katika lugha. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba ushahidi wa lugha katika jambo hili ni ushahidi wa historia, nao wastahili kupimwa kwa uangalifu ule ule unaotumiwa katika kupima hati.

Asili ya chombo chenyewe yajulikana vizuri. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta karibu na Titusville, katika Pennsylvania, na haukupita muda mrefu mafuta ya taa ya Marekani yakawa bidhaa ya kupelekwa ng'ambo. Kampuni ya Standard Oil, iliyoundwa mwaka 1870, ikashika sehemu kubwa ya biashara hiyo. Kwa safari za mbali mafuta yalitiwa katika makopo ya pembe nne yaliyofanywa kwa chuma chembamba kilichopakwa bati. Kila kopo lilichukua galani 5 za Kimarekani, yaani galani 4 za Kiingereza na kidogo zaidi, au karibu lita 19. Makopo mawili yalitiwa katika sanduku moja la mbao, na kwa sababu ya umbo lake masanduku yaliweza kupangwa merikebuni bila kupoteza nafasi. Katika Unguja Marekani haikuwa nchi ngeni: mkataba wa biashara ulifanywa mwaka 1833, balozi mdogo akawekwa mwaka 1837, na jina la nguo ya merekani lilikwisha enea bara. Basi mafuta ya taa yalipozidi kuingia katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na kuanza kushika mahali pa mafuta ya nazi na ya ufuta katika taa za watu, yalipita katika njia iliyokwisha funguliwa.

Kwamba chombo kitupu kilikuwa na thamani yake mbali na mafuta, hilo halikuwa jambo la Afrika ya Mashariki peke yake. Tukio moja la biashara ya Asia lalithibitisha. Mwaka 1892 Marcus Samuel, mfanya biashara wa London, aliipitisha meli yake iitwayo Murex katika mfereji wa Suez, imebeba mafuta ya Urusi yaliyopakiwa Batum. Mafuta hayo hayakutiwa katika makopo, bali yalimiminwa katika matangi ya meli yenyewe. Hesabu yake ilikuwa wazi: gharama ya bati na mbao ikiondolewa, mafuta yatauzwa kwa bei rahisi, na wanunuzi watakuja na vyombo vyao. Lakini katika masoko ya Asia mambo hayakwenda hivyo. Watu walikuwa wamezoea kununua mafuta pamoja na chombo chake, na kwa bati lake walikuwa wakiezeka nyumba na kufanya taa, vikombe na vyombo vingine vingi. Samuel akalazimika kupeleka bati huko Mashariki na kufanyiza makopo yake mwenyewe, yaliyopakwa rangi nyekundu, maana yale ya Standard Oil yalikuwa ya buluu. Hivyo mpango wa tajiri mkubwa, ambaye mwaka 1897 aliunda kampuni ya Shell, ulipinduliwa na wanunuzi wadogo waliojua kazi ya kopo tupu.

Jina la debe lina habari yake. Mafuta yalitoka Marekani, lakini neno lina udugu na maneno ya Bara Hindi kama dabba la Kihindi na dabo la Kigujarati, yenye maana ya kopo au kisanduku. Nguo ya merekani ilipewa jina kwa nchi ilikotoka. Debe lilipewa jina katika lugha ya dukani. Hii ni dalili ya njia ambayo chombo hicho kilipitia kabla ya kumfikia mnunuzi: wenye maduka wa Kihindi walioyauza mafuta kwa rejareja. Neno likaingia katika ngeli yake bila shida, debe na madebe, likazaa na kidebe. Msamiati wa fundi wa bati kwa jumla una tabaka kama za ardhi. Kopo latokana na Kireno. Risasi na lehemu zatokana na Kiarabu. Debe na karai, na Bara Hindi. Chemni ya taa, na Kiingereza. Lakini nyundo ni neno la Kibantu, na kitenzi kinachoitaja kazi yenyewe, kufua, ni cha Kibantu pia. Vitu vilikuja na majina yake. Kazi ilipokewa na neno lililokuwapo tangu siku za wahunzi wa chuma.

Matumizi ya debe yalikuwa mengi, na yafaa yatajwe machache yenye kuonyesha ufundi. La kwanza ni la maji. Sehemu ya juu ilikatwa, makali yakakunjwa ndani yasije yakamkata mtu mkono, na kipande cha mti kikapigiliwa toka ubavu mmoja hata wa pili kiwe mkono wa kushikia. Madebe mawili yakining'inizwa katika ncha za mti mmoja begani yakawa mzega, na wachukuzi wa maji wakafanya kazi hiyo katika miji ya pwani. La pili ni paa. Debe lilipasuliwa, likanyoshwa kwa nyundo hata likawa bapa, na vipande vikapigiliwa kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Mapaa ya namna hii yalionekana Dar es Salaam, na pia Pumwani, mtaa wa Nairobi ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Makuti huoza na kushika moto upesi. Bati la debe hupata kutu, lakini mwenye nyumba aliweza kulibadili kipande kimoja kimoja, kwa kadiri ya uwezo wake. Aliyelitazama paa lile kwa mbali aliona ufukara tu. Fundi aliona hesabu ya vipande, mwelekeo wa mvua na idadi ya misumari.

La tatu ni taa ndogo iitwayo koroboi au kibatari. Uganda huitwa tadooba, na Rwanda agatadowa. Fundi huchukua kopo dogo, au hukata bati la debe na kuliunga. Hukunja ukanda mwembamba wa bati uwe mrija, huupitisha katika kifuniko, hutia utambi wa pamba au wa kitambaa, kisha huunga mkono wa kushikia kwa lehemu. Haina chemni, na kwa hiyo moshi wake hupaka dari masizi na huumiza macho na kifua. Ikianguka yaweza kuunguza nyumba. Juu ya hayo yote, ilikuwa taa ambayo mtu maskini aliweza kuinunua na kuijaza mafuta ya senti chache, na wengi walijifunza kusoma mbele ya mwanga wake. Yafaa iangaliwe kwamba hapa chombo kilicholeta mafuta kimegeuzwa kuwa chombo cha kuyawasha.

Ufundi huu haukuzuka wenyewe. Wakati reli ya Uganda ilipojengwa, toka mwaka 1896 hata 1901, maelfu ya wafanya kazi waliletwa toka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao. Waliobaki, pamoja na wengine waliowafuata, walifungua karakana mijini. Waafrika waliofanya kazi ndani ya karakana hizo walijifunza kukata, kukunja na kulehemu, kisha wakaondoka na ujuzi wao wakafanya kazi nje, chini ya jua. Kenneth King alieleza habari za mafundi wa namna hii katika Kenya katika kitabu chake The African Artisan cha mwaka 1977. Miaka mitano kabla yake, ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya Kenya, ya mwaka 1972, ilikuwa imewatahadharisha wakuu wa serikali wasizidharau kazi hizo ndogo. Wataalamu wa uchumi walizitafutia jina refu. Wenyewe wa Kenya waliziita jua kali, na jina hilo ndilo lililodumu.

Debe likashika pia mahali pa vipimo vya kale. Pwani watu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba 4 vikiwa pishi 1, na mizigo mizito kwa frasila ya ratli kama 35. Debe lilipoenea, bara hasa, likawa kipimo cha mahindi, mpunga na maharagwe, na kwa kawaida madebe 6 yakahesabiwa gunia moja. Faida yake ni kwamba madebe yote yalitoka kiwandani kwa ukubwa mmoja. Udhaifu wake ni kwamba bati laweza kufuliwa. Debe lililogongwa kwa ndani hata mbavu zake zikatanuka huchukua zaidi, na anayepungukiwa ni mkulima auzaye mazao yake kwa debe la mnunuzi. Ufundi ule ule uliomwezesha mtu kujenga paa ukaweza kumnyang'anya mwingine haki yake. Ndiyo maana sheria za vipimo zilidai mizani, na ndiyo maana debe, ijapokuwa hivyo, halikutoka sokoni: kila mtu alikuwa nalo, na mizani hakuwa nayo.

Yabaki sasa ushahidi wa methali. Husemwa kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na tena kwamba debe shinda haliachi kutika. Methali kwa desturi huhesabiwa kuwa maneno ya wahenga, kana kwamba zote zina umri mmoja usiojulikana. Hizi mbili zaweza kukadiriwa tarehe: kwa umbo lake la sasa haziwezi kuwa za kale kuliko chombo zinachokitaja. Kwa hiyo ni mali ya karne moja na nusu hivi, si zaidi. Lakini kitenzi kuvuma ni kile kile kitumiwacho katika methali za ngoma ivumayo sana isiyokawia kupasuka. Yaonekana basi kwamba wazo la kale lilitafutiwa chombo kipya.

Aidha, methali hizi zasema kitu juu ya matumizi. Katika usemi hakuna debe la mafuta lililofungwa. Kuna debe tupu na debe shinda, yaani lisilojaa. Tupu huvuma likiguswa; shinda hutika likichukuliwa, maji yakienda huku na huku; lililojaa hutulia. Tofauti hizi tatu zajulikana na mtu aliyelibeba debe kichwani au begani toka kisimani siku nyingi. Aliyeunda usemi huo alilijua debe baada ya mafuta kwisha.

Maana nyingine zilifuata. Mbiu ya kale ilikuwa pembe; debe nalo hupigwa likakusanya watu, na kupiga debe kukawa na maana ya kukinadi kitu au kumfanyia mtu kampeni. Katika vituo vya mabasi vya Tanzania, mpiga debe ni yule aitaye abiria, asiye na debe lolote mkononi. Katika magazeti ya Kenya wapiga kura huenda debeni, maana debe huko limekuwa sanduku la kura. Tanzania husemwa sanduku. Hata plastiki haikuliua neno. Ndoo ya plastiki ya lita 20 ipimiayo mahindi sokoni bado huitwa debe, ingawa haina bati, haina harufu ya mafuta, wala haivumi sana ikiwa tupu.

Hapa ndipo ilipo kazi ya watafiti wa lugha. Kamusi zimelihifadhi debe, lakini majina ya sehemu za koroboi, ya mikunjo ya bati, ya zana ndogo za kukatia na kulehemia, na ya mbinu za kuezeka kwa magamba, yanajulikana zaidi na mafundi wazee, na hutofautiana toka mji hata mji. Plastiki imeipunguza kazi yao, na taa za umeme na za jua zinazidi kuipunguza. Fundi akifa kabla ya kuulizwa, hakuna hesabu ya forodha itakayoyajaza mapengo hayo. Majina hayo yafaa yakusanywe karakana kwa karakana, pamoja na maelezo ya namna kila kitu kilivyofanywa na aliyemfundisha fundi kukifanya, kusudi historia ya vitu vilivyookotwa isiwe pungufu kuliko historia ya bidhaa zilizovileta.