Usiku wa bendera mbili Turin: Mkenya wa theluji na Carolina Kostner wa barafu

Leo tunawapumzisha kidogo mastaa wa Bongo Fleva na ndoa zao. Nina historia moja ya michezo ambayo ukimsimulia mtu wa hapa Mikumi, kwenye joto hili, anaweza kudhani unamtania. Maana sisi huku barafu tunayoijua ni ile ya ubuyu inayotoka kwenye friji ya mama jirani, na theluji tunaiona kwenye picha za Kilimanjaro. Basi kuna jamaa wa hapo Kenya tu, aliyezaliwa Eldoret, ambaye alibeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mara tatu.

Twende kwenye usiku wenyewe. Tarehe 10 Februari 2006, mji wa Turin, Italia, ufunguzi wa Olimpiki. Mataifa yanaingia uwanjani moja baada ya jingine. Wengine wana wachezaji zaidi ya mia, wamejaa uwanja. Ikafika zamu ya Kenya. Mchezaji mmoja tu. Jina lake Philip Boit, umri miaka 34. Yeye ndiye timu, na bendera kashika yeye mwenyewe.

Wenyeji ndio huingia mwisho, kwa hiyo wakafunga Waitaliano, uwanja ukalipuka. Aliyeshika bendera yao ni binti anaitwa Carolina Kostner, mchezaji wa kuteleza kwa mitindo kwenye barafu. Alikuwa ametimiza miaka 19 siku mbili tu kabla ya usiku huo. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameleta medali ya shaba ya dunia kutoka Moscow, kwa hiyo nchi nzima ilimtegemea.

Watu hawa wawili hawafanani kwa lolote. Lakini nimezifuatilia safari zao, na naona zinafundisha kitu kimoja.

MKENYA ALIFIKAJE KWENYE THELUJI?

Boit anatoka kwenye ukoo wa wakimbiaji. Ndugu yake wa ukoo huo, Mike Boit, alichukua shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Philip naye alikuwa wa mita 800. Ila si unajua Kenya, ukisema wewe ni mkimbiaji mzuri, mtaa huo huo kuna wengine kumi wanakupita. Kupata nafasi timu ya taifa ni shughuli pevu.

Mwaka 1996 kampuni ya Nike ikaja na wazo. Wakenya wana pumzi na miguu, je, wakifundishwa ski za masafa marefu itakuwaje? Wakamchukua Boit na mwenzake Henry Bitok, wakawapeleka Finland. Huko ndiko Boit alikoiona theluji kwa mara ya kwanza, akiwa mtu mzima wa miaka 24.

Kwa wasiojua, huu mchezo siyo ule wa kushuka mlimani kwa kasi. Hapa unavaa vibao viwili virefu vyembamba miguuni, mikononi una fimbo mbili, unapanda na kushuka vilima kilomita kwa kilomita. Miguu peke yake haitoshi. Unahitaji mabega, mikono, mgongo, na kubwa zaidi unahitaji mizani. Watoto wa Norway na Finland wanaanza wakiwa hata shule hawajaingia. Na kuna ufundi wa nta: chini ya ski unapaka nta kulingana na theluji ya siku hiyo. Ukikosea inaganda chini, unajikuta unatembea badala ya kuteleza. Boit alikuwa na miaka miwili tu ya kujifunza yote hayo kabla ya Olimpiki ya Nagano, Japani.

Tarehe 12 Februari 1998 ikafika. Kilomita 10. Bingwa akawa Bjørn Dæhlie wa Norway, ametumia dakika 27 na sekunde 24. Huyu ndiye aliyekuwa mfalme wa mchezo wenyewe enzi hizo, alistaafu na dhahabu nane za Olimpiki. Wakaendelea kumaliza wengine, wa hamsini, wa themanini, wa tisini na moja. Boit bado yuko porini.

Alifika akiwa wa 92, wa mwisho kati ya waliomaliza. Dakika 47 na sekunde 25. Yaani bingwa alishamsubiri dakika 20 nzima. Na nikisema alimsubiri, namaanisha alimsubiri kweli. Dæhlie hakuondoka. Alikaa pale kwenye mstari na baridi yote ile mpaka Mkenya akafika, akamkumbatia. Picha ikazunguka dunia nzima. Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie.

Hadithi nzuri, sivyo? Kila anayeisimulia anaishia hapo hapo kwenye kumbatio. Mimi ndipo ninapogombana nao.

KUMBATIO HALIKUWA MWISHO

Ukiishia pale Nagano, unabaki na picha ya Mwafrika aliyechoka na Mzungu mwenye roho nzuri. Boit anakuwa kama kichekesho kilichopendeza. Na kweli wapo waliosema hivyo tangu mwanzo: kwamba yale ni matangazo ya viatu tu, Olimpiki inageuzwa sinema. Ni miaka michache tu ilikuwa imepita tangu ile filamu ya Cool Runnings ya mwaka 1993, ya Wajamaika na gari lao la barafuni, kwa hiyo watu walikuwa tayari kucheka.

Siwalaumu sana. Kiukweli lilikuwa tangazo. Kampuni haikutoa hela kwa mapenzi ya theluji. Lakini tangazo kazi yake ilikuwa imekwisha siku ile ile picha ilipotoka. Boit angeweza kurudi Eldoret, akasimulia wajukuu, habari imeisha. Hakuna ambaye angemdai kitu.

Jamaa akaendelea. Mwaka 2002 akaenda Salt Lake City, Marekani. Mwaka 2006 akawa Turin, ndiyo ile bendera niliyoanza nayo. Hesabu mwenyewe: kutoka siku alipoiona theluji mpaka Turin ni miaka kumi. Hakuna mtu anayefanya utani kwa miaka kumi, tena kwenye mchezo ambao nyumbani kwake hauna hata pa kufanyia mazoezi. Na mazoezi yenyewe, akiwa Kenya, ni kuteleza kwa ski za magurudumu kwenye lami. Fikiria mtu anapita barabara ya Mikumi kwenda Kilosa na ski za magurudumu na fimbo mbili. Mbona watoto wangemfuata mpaka Ulaya!

Mbio zake za Turin zilikuwa kilomita 15. Ni kama utoke Kilosa mjini uikaribie Kimamba, ila vilima na theluji tupu. Na safari hii kuna watu walimaliza nyuma yake. Hakuna picha iliyozunguka dunia kama ile ya Nagano. Hakuna bingwa aliyemsubiri mstarini. Wakati kwa mtazamo wangu ile ndiyo siku kubwa kuliko Nagano, maana alikuwa amekuwa mwanaski kweli.

Akajaribu tena kufuzu kwa Vancouver 2010, ikashindikana. Kenya haikurudi Olimpiki ya baridi mpaka mwaka 2018, safari hii na dada Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye michezo hiyo.

NA YULE BINTI WA BENDERA?

Turudi kwa Kostner, maana unaweza kusema huyo ni Mzungu, kazaliwa kwenye baridi, mama yake mwenyewe alikuwa mtelezaji, yeye hana shida.

Mchezo wake ni mwingine kabisa. Unaingia peke yako katikati ya barafu, muziki unalia, umesimama juu ya chuma chembamba. Unaruka, unazunguka hewani mara tatu, unatua kwa mguu mmoja. Majaji wanakuhesabia kila mruko. Na Turin ndiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza kutumia mfumo mpya wa pointi, baada ya ule wa zamani kuingia kashfa Salt Lake.

Nyumbani, mbele ya watu wake, binti akaanguka. Akamaliza wa tisa. Miaka minne baadaye Vancouver ikawa mbaya zaidi: alianguka tena na tena, akamaliza wa 16. Hapo tayari alikuwa bingwa wa Ulaya mara tatu, lakini nani anakumbuka hilo ukishaanguka mbele ya dunia? Kila mtu alimwona amekwisha.

Hakuwa amekwisha. Mwaka 2012 akiwa Nice, Ufaransa, akawa bingwa wa dunia, mwanamke wa kwanza wa Italia kuchukua taji hilo. Mwaka 2014 Sochi akapata medali ya Olimpiki aliyoisubiri, shaba, akiwa na miaka 27. Kwenye mchezo ambao mabinti wa miaka 15 wamewahi kuchukua dhahabu, huo ulikuwa umri wa bibi.

Na nisimpambe tu. Mwaka 2015 alifungiwa. Aliyekuwa mchumba wake, mtembeaji kasi Alex Schwazer, alikamatwa na dawa za kusisimua misuli, na Kostner akaonekana alimsaidia kuwakwepa wapimaji kwa kuwaambia hayupo nyumbani. Kosa ni kosa. Adhabu yake ikaisha mwaka 2015 ulipomalizika. Kisha akarudi, na Olimpiki ya 2018 akiwa na miaka 31 akamaliza wa tano. Ukimwangalia Kostner kwa usiku mmoja wa Turin, au wa Vancouver, au kwa kesi ile, hujamwona bado. Mtu ni miaka yake yote.

TUMEMFANYIA HIVYO HATA WA KWETU

Msinicheke nikisema na sisi Watanzania tuna Boit wetu, tena kabla yake. John Stephen Akhwari wa Mbulu, marathoni ya Mexico 1968. Alianguka njiani, akaumia goti na bega, akaendelea kuchechemea na bandeji mguuni mpaka akamaliza wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Alichojibu alipoulizwa kwa nini hakuacha, kila Mtanzania anakijua, hata mtoto wa darasa la nne.

Sasa nikuulize: unajua alichofanya miaka miwili baadaye? Mwaka 1970, Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 15 akamaliza wa tano. Wa tano! Huyo alikuwa mkimbiaji wa hatari, siyo mzee wa kuhurumiwa. Lakini sisi tumeikamata ile bandeji, hatutaki kuiachia.

Nasema haya kwa sababu yananigusa. Nikiwa sekondari huku Kilosa niliingia mchujo wa UMISSETA, mita 1500. Nilimaliza wa mwisho. Nilipofika kwenye mstari, kamba walishaikunja, mwalimu wa saa alishaanza kuwapanga wa mita 200, na wenzangu wakanipigia makofi yale ya kejeli mnayoyajua. Nikacheka nao ili isionekane imeniuma. Sikukimbia tena, mpaka leo.

Kwa muda mrefu niliamini kilichonishinda ni kukosa mtu wa kunisubiri mstarini, kama Dæhlie. Nilipoifuatilia hii historia nikaona siyo. Turin hakuna aliyemsubiri Boit, na alikwenda. Vancouver dunia ilimwona Kostner chini kwenye barafu, na msimu uliofuata akarudi kwenye barafu ile ile. Kumaliza wa mwisho ni jambo la siku moja. Mimi ndiye niliyelifanya likawa la miaka.

Kwa hiyo mdau, ukiona klipu ya mtu kaanguka inazunguka kwenye magrupu, kabla hujaweka vile vikatuni vya kucheka, jiulize mwaka uliofuata alikuwa wapi. Na kama ni wewe uliyeanguka, mwaka ujao bado haujaandikwa.

Nawe umewahi kumaliza wa mwisho? Ulirudi au ulifanya kama mimi? Dondosha yako hapo chini, nasoma zote.