Safu ya Lugha: Bapa

Bapa ni uso mpana usio na mwinuko wala bonde, kama bapa la panga. Bapa si mlalo: meza iliyoinama upande mmoja yaweza kuwa bapa kabisa, na pimamaji hupima mlalo, si ubapa. Tofauti hiyo yafaa kutunzwa, kwani fundi akiichanganya huharibu kazi.

Kwa karakana ya nyumbani, uso bapa wa kulinganishia hupatikana kwa bei nafuu kwa muuza vioo: kipande cha kioo chenye unene wa milimita 10 au zaidi. Kioo hicho humiminwa kikiwa kimeyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, njia iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, hivyo hutoka bapa bila kusuguliwa. Kwa kuwa kioo hupinda kikikosa tegemeo, hulazwa juu ya ubao mnene ulionyooka.

Ili kunyoosha randa, msasa hubandikwa juu ya kioo, na uso wa chini wa randa huchorwa mistari ya penseli kabla ya kusuguliwa. Mistari inayobaki huonyesha mabonde. Ikifutika yote, uso umekuwa bapa.