Simba ni wa Nani? Katavi na Historia ya Deni la Usalama

Sheria zetu zina msamiati wake wa misiba. Mwananchi akiuawa na simba, mamba au kiboko, familia yake hupewa kifuta machozi. Shamba likiliwa na tembo, mwenye shamba hupewa kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kila mtu aliyeuawa. Neno fidia liliepukwa, na aliyeliepuka alijua anachofanya. Fidia hulipwa na mwenye wajibu. Kifuta machozi hutolewa na mwenye huruma. Swali la makala haya ni la kihistoria: ilikuwaje dola ikawa mmiliki wa simba, lakini isiwe mdaiwa wa madhara ya simba? Mkoa wa Katavi ni mahali pazuri pa kutafutia jibu.

Tuanze na nchi yenyewe. Kabla ya utawala wa Wajerumani, Wapimbwe, Wakonongo na Wabende waliishi katika misitu ya miombo na mabonde kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Walikuwa wakulima, wawindaji na warina asali. Jina Katavi lenyewe linatokana na Katabi, mwindaji wa masimulizi ambaye roho yake inaaminika kukaa katika mti wa mkwaju karibu na ziwa linaloitwa kwa jina lake, ambako watu wamekuwa wakipeleka sadaka. Uwindaji katika jamii hizi haukuwa kazi ya kila mtu mwenye mkuki. Ulikuwa na mafundi wake, miiko yake na mamlaka yake. Ngozi ya simba na meno ya tembo vilikuwa na uhusiano na utawala, na simba aliyezoea kuvamia watu alikuwa jambo la jumuiya nzima pamoja na mtawala wake.

Mwanazuoni Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu udhibiti wa mazingira katika historia ya Afrika Mashariki, alidai kwamba jamii za Tanganyika zilikuwa zimeudhibiti mwitu kwa kilimo, ufugaji, moto na uwindaji, na kwamba udhibiti huo ulivunjika katika miaka ya 1890 kutokana na sotoka, njaa, maradhi na vita vya uvamizi. Wahakiki wake walisema ameichora Afrika ya kale kwa rangi za kupendeza mno, na wana hoja: watu waliliwa na simba hata kabla ya ukoloni. Hata hivyo kiini cha hoja yake kinabaki. Usalama wa mtu dhidi ya mnyama ulitegemea msongamano wa makazi, ukubwa wa mashamba na uwezo wa jumuiya kujipanga. Palipopungua watu, pori lilirudi. Liliporudi pori, mbung'o na wanyama wakali walifuata.

Ukoloni ulifanya mambo mawili yaliyokinzana. Kwanza, ulimtangaza mnyama mla nyama kuwa adui. Mkataba wa London wa Mei 1900, uliotiwa saini na madola ya Ulaya yenye makoloni barani Afrika, ulipanga wanyama katika majedwali. Twiga na tai mzoga waliwekwa miongoni mwa wa kulindwa. Simba, chui, fisi, mbwa mwitu na mamba waliwekwa katika orodha ya wanyama waharibifu ambao idadi yao ilitakiwa kupunguzwa, na mkataba ukaagiza hata mayai ya mamba yaharibiwe. Maneno tunayoyasikia leo katika ofisi za halmashauri, yaani "wanyamapori wakali na waharibifu", ni wajukuu wa jedwali lile.

Pili, ukoloni huohuo ulimnyang'anya Mwafrika nyenzo za kupambana na adui aliyetangazwa. Tangu sheria ya uwindaji iliyotolewa na Gavana Hermann von Wissmann mwaka 1896, uwindaji uligeuzwa kuwa suala la leseni. Silaha za moto zilidhibitiwa, na njia za kienyeji za kuwinda, kama mitego na mashimo, zilihesabiwa kuwa ukatili au ujangili. Mzungu mwenye leseni na bunduki aliitwa mwanamichezo. Mwanakijiji mwenye upinde aliitwa mwizi wa wanyama. Kazi ya kuwalinda watu ikahamishwa kutoka kwenye jumuiya hadi kwa ofisa mmoja, Bwana Nyama, ambaye eneo lake la kazi lingeweza kuchukua majuma kulizunguka kwa miguu.

Katika nchi ya magharibi liliongezeka jambo la tatu. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya Waingereza ilipambana na ugonjwa wa malale kwa kukusanya familia zilizotawanyika misituni na kuziweka katika makazi ya pamoja. Hoja ya kitabibu ilikuwa na mantiki: watu wengi wakifyeka pamoja, mbung'o hukosa kivuli. Lakini ardhi iliyoachwa nyuma haikubaki tupu. Ilimea pori, ikajaa wanyama, na miongo michache baadaye maeneo mengi ya aina hiyo yalitazamwa kama nyika ambayo haijawahi kukaliwa na binadamu. Tunaposema leo kwamba wananchi "wamevamia makazi ya wanyama", tukumbuke kwamba katika sehemu kadhaa za magharibi mwa Tanzania ni wanyama waliorithi makazi ya watu, na kwamba urithi huo uliandaliwa na amri ya serikali.

Mfano wa Njombe unaonyesha hatari ya udhibiti unaofanywa bila kufikiri. Katika miaka ya 1930 na 1940, simba wa eneo hilo waliua watu kwa wingi usio wa kawaida. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 1,500, ingawa hesabu hiyo ya kikoloni ipokelewe kwa tahadhari. Ofisa George Rushby, aliyewawinda simba hao mwishoni mwa kipindi hicho, alikuta wananchi wakiamini kwamba simba walitumwa na jumbe aliyevuliwa madaraka. Maelezo mengine yanayotolewa ni ya kiikolojia: serikali iliwaua wanyama wala majani ili kuzuia sotoka isienee kusini, na simba waliokosa mawindo wakageukia watu. Maelezo haya mawili hayako mbali kama yanavyoonekana. Yote yanasema kwamba simba alikuja kwa sababu wenye mamlaka walivuruga mpangilio wa nchi.

Uhuru ulibadilisha bendera. Mantiki ya umiliki ilibaki. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, mwaka ule ule ambao Operesheni Vijiji ilikuwa ikihamisha mamilioni ya Watanzania. Mwaka 1998 ilipanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Wakati huohuo nchi iliyoizunguka ilikuwa ikijaa. Wakimbizi wa Burundi walioponea mauaji ya 1972 walipewa makazi Katumba, na kuanzia 1978 wengine wakapelekwa Mishamo, wakafyeka misitu kwa majembe na mapanga. Wafugaji wa Kisukuma walishuka na ng'ombe wao hadi bonde la Rukwa. Mashamba ya mpunga yakaongezeka kando ya Mto Katuma, na maji yaliyochepushwa juu yakapungua chini, ambako viboko na mamba hurundikana katika madimbwi ya kiangazi. Binadamu, ng'ombe na mamba wakajikuta wakigombea tope lilelile.

Hapa ndipo suala la maadili linapokuwa gumu. Ni rahisi kusema kwamba mwananchi ana haki ya kumuua simba. Sheria yetu yenyewe haimhesabu kuwa mhalifu mtu aliyeua mnyama kwa kujitetea, ingawa inamtaka atoe taarifa na inaihesabu nyara kuwa mali ya Serikali. Lakini utafiti uliofanywa Mpimbwe na Emily Fitzherbert na wenzake, ukachapishwa mwaka 2014, ulionyesha sura nyingine. Miongoni mwa Wasukuma, kijana aliyemuua simba aliyeshambulia mifugo hutunzwa: huzunguka kwa ndugu na majirani akicheza, naye hupewa mifugo au fedha kwa ujasiri wake. Desturi hiyo ilikuwa bima ya jumuiya, kwa kuwa aliyehatarisha maisha kwa ajili ya zizi la wote alilipwa na wote. Watafiti waligundua kwamba baadhi ya vijana sasa walikuwa wakiwafuata simba mbali na mazizi, hata hifadhini, kwa ajili ya zawadi tu. Mlinzi akawa mwindaji wa tuzo.

Wapo watakaolitumia jambo hili kuthibitisha kwamba wanakijiji hawaaminiki. Mimi nalisoma kinyume. Juhudi iliyoitwa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, haikuanza na bunduki wala gereza. Ilianza na wazee, mikutano na sheria ndogo za vijiji, ili tuzo imfikie aliyetetea mifugo na imkose aliyekwenda kuwinda. Maana yake ni kwamba chombo cha kutofautisha kujilinda na ujangili kilikuwapo tayari ndani ya jamii. Kilikuwa kimedhoofishwa kwa miaka mia moja ya kuambiwa kwamba mnyama si jukumu lao.

Kuua si njia pekee ya kujilinda, wala si njia bora kila mara. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu zaidi ya Watanzania 563 waliouawa na simba kati ya 1990 na 2004, wengi wao katika wilaya za kusini-mashariki. Ulibaini kwamba mashambulizi yalihusiana na wingi wa nguruwe pori, ambao huwavuta simba mashambani na kuwalazimisha wakulima kulala nje wakilinda mazao. Kwa hiyo usalama wa mkulima huanza kwa kumdhibiti nguruwe, kujenga dungu imara, kuimarisha zizi la miiba, na kuchimba kisima ili mama na mtoto wasichote maji penye mamba. Hizi ni kazi za bajeti ya halmashauri, na hazihitaji risasi hata moja.

Narudi kwenye swali la mwanzo. Ukisema mnyama ni wako, ukamzuia jirani asimguse, ukapokea ada ya watalii na ya wawindaji kwa sababu yake, basi jirani huyo anapoumizwa unabeba deni. Kumwita simba mali ya taifa na kumwita marehemu bahati mbaya ya familia ni kugawana faida kitaifa na hasara kinyumbani. Namna hiyo ya kugawana tuliirithi kwa watawala walioandika jedwali la mwaka 1900, na hatulazimiki kuiendeleza.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanaweza kuanza na hatua tatu zilizo ndani ya uwezo wao: kushughulikia madai ya wahanga kwa muda unaojulikana, kuhesabu visima na mazizi kama miundombinu ya usalama, na kuzipa sheria ndogo za vijiji heshima ya kisheria. Wanaharakati na wanafunzi wana kazi nyingine, nayo ni kudai kwamba sheria itamke neno fidia. Mpaka hapo, mkazi wa Mpimbwe ataendelea kuishi na simba asiye wake, akilipia gharama ambazo mwenye simba hataki kuziandika.