Ushanga, Sombe na Kuta Zilizopambwa

Juzi kijana mmoja anayejitayarisha kwa ndoa alinionyesha vitu vya nyumba yake mpya: viti, pazia, sahani za maua. Nyanya yake alitaka kumpa mkeka aliousuka mwenyewe na chungu chenye michoro shingoni. Kijana alivikataa kwa heshima, na tulipokuwa njiani akaniambia: «Mwalimu, wazee wetu walitafuta kula na kulala tu. Mambo ya uzuri tulifundishwa na Wazungu.»

Siku ile sikumjibu. Neno hili nimelisikia mara nyingi, hata katika vinywa vya watu wenye masomo. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, mama zetu wengi walikwenda kwenye foyer social kujifunza kushona, kupika na kupanga nyumba. Walipata faida, sikatai. Lakini walifundishwa kana kwamba wanaanza kwa sifuri, na watoto wao wakasadiki hivyo. Basi tuangalie mambo yalivyokuwa.

Tuanze na ushanga. Mwaka 1858 Mwingereza Burton alifika Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Katika kitabu chake aliandika sana juu ya ushanga, maana ndio ulikuwa fedha ya safari. Aina moja nyekundu iliitwa samesame. Wachuuzi waliipa majina mengine mawili: kimarapamba, ndiyo kusema kinachomaliza chakula, kwa sababu mtu aliweza kutoa chakula chake cha siku apate ushanga huo, na kifungamji, kwa sababu wanawake, walivyosema wachuuzi, waliutamani mpaka kuharibu mji. Walikuwa wakiwacheka wanawake, bila shaka.

Lakini kicheko chao kilikuwa na mpaka. Mwaka 1871 Stanley alikuwa Unguja akinunua mali ya safari ya kumtafuta Livingstone. Alichukua mifuko 22 ya ushanga wa aina kumi na moja, na kazi hiyo ilimsumbua kichwa. Kwa nini? Kwa sababu Wanyamwezi walipenda ushanga mwekundu kuliko wote. Mweusi ulipokelewa Ugogo, lakini kwingine haukuwa na thamani hata kidogo. Mweupe ulifaa Ufipa, nchi nyingine waliudharau. Na ule mkubwa uitwao sungomaji ulipendwa Ujiji na Uguha, yaani upande wetu huu wa ziwa, karibu na Kalemie ya leo. Mahali pengine wangeurudisha. Msafiri aliyekosea rangi aliweza kulala njaa na wapagazi wake wote, ingawa mizigo yake imejaa.

Fikiri vizuri, msomaji. Ushanga huo ulitengenezwa Venezia, katika Italia, na mafundi wasioijua Afrika. Lakini aliyeamua rangi gani itauzika ni mwanamke wa Uguha aliyesimama mbele ya nyumba yake, akautazama, akasema: hapana, huu si mzuri. Neno lake lilipita ziwa, likapita bara lote, likafika mpaka pwani kwenye maduka ya Wahindi. Je, mtu asiyejua uzuri anaweza kufanya hivyo?

Kwa vitambaa ilikuwa vilevile. Watu wa Maniema, Wasongye, Waluba na Wakuba walikuwa na vitambaa vyao vya nyuzi za mnazi wa rafia, vilivyofumwa na wanaume. Kwa Wakuba wanawake walivitia nakshi kwa sindano. Merikani iliyotoka Amerika ilikuja juu ya hivyo, si mahali patupu. Vita ya Waamerika ya 1861 mpaka 1865 ilipokata biashara ya pamba, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi, lakini jina la merikani likabaki midomoni. Juu ya nywele nitasema neno moja tu. Waluba Shankadi walisuka nywele za ngazi ngazi, kazi ya masaa mengi sana, na ili zisiharibike walilala wakiweka shingo juu ya kiti kidogo cha mti. Viti hivyo leo vinatunzwa kwa kioo katika nyumba za makumbusho za Ulaya.

Sasa tuingie jikoni. Kijana wetu anapenda sombe, nani asiyeipenda? Muhogo ulitoka Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16, nao ukaingia ndani polepole, kutoka shamba hata shamba, zamani sana kabla ya amri ya Serikali yoyote. Pilipili na karanga asili yake ni Amerika pia. Mawese ni yetu tangu kale, na ndagala ni wa Tanganyika. Mchele wa Kasongo uliletwa na Waungwana waliofuatana na Waarabu. Mama mmoja, ambaye jina lake hatutalijua kamwe, alitwanga majani ya mmea mgeni, akatia mafuta ya kwao, akaonja, akaongeza pilipili. Sahani tunayoiita chakula cha mababu ilizaliwa hivyo.

Wala tusidhani kwamba furaha hizi zilikuwa salama. Livingstone alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwezi wa tatu 1871. Aliupenda mno soko lile. Wanawake walikuja kwa mamia, wengine kutoka mbali, na samaki, mafuta, chumvi, vyungu, kuku na vitambaa vya rafia. Aliandika kwamba kubishana bei, kutaniana na kucheka kulikuwa kama raha ya maisha yao. Tarehe 15 ya mwezi wa saba watu wa wafanyabiashara waliingia sokoni na bunduki. Ubishi ulianza juu ya bei ya kuku. Wakafyatua risasi katika mkutano wa watu. Wanawake walikimbilia mitumbwi, ikapinduka, wengi wakachukuliwa na maji. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Mimi nikisikia mtu akiita mambo ya soko na mapambo «upuuzi wa wanawake», nawakumbuka hao.

Tena kuna kuta. Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, alikuwa Bukama katika Katanga. Aliona nyumba zilizopakwa picha za wanyama na watu. Akamtafuta mchoraji, akamkuta Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe. Akampa karatasi na rangi. Na mke wake, Antoinette, alichora pia. Mwaka 1929 picha zao zilionyeshwa Bruseli, na mwaka 1930 Geneva. Karatasi zile zimetunzwa Ulaya. Kuta za Bukama zilikuwa za udongo, na mvua haichagui.

Tamaa ya picha, hata hivyo, haikuisha. Katika miaka ya 1970, watu wa Lubumbashi na Likasi walitundika ukutani, juu ya viti vyao, picha zilizochorwa juu ya mifuko ya unga: mamba-muntu na nyoka wake, ao askari akimpiga mfungwa zamani za Mbelgiji. Wageni walipoketi, mwenye nyumba aliwaeleza.

Hayo nimeyaandika kwa ajili ya kijana yule, naye ameahidi kuyasoma. Ndoa yake ni baada ya Pasaka. Mkeka bado uko kwa nyanya yake, umekunjwa, umesimama nyuma ya mlango.